Karatasi na picha za watu: kuzituma kwa intaneti ao kuzifunga nyumbani?

Vita, volkano na wizi wa telefone vimefundisha wakaaji wa mashariki mwa Kongo kwamba kitu chenye kiko fasi moja tu kinaweza kupotea kwa saa moja. Ndiyo maana wengi wameanza kutuma karatasi na picha zao kwa intaneti. Lakini huko pia kuko maulizo: ni nani anashika ufunguo, ni nani anaweza kusoma, na siku ya matatizo ni nani atajibu?

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka mangaribi, na lava ikafika hadi pembeni ya muji wa Goma. Maelfu ya nyumba zilikwisha. Siku tano kisha, tarehe 27 Mei, wakaaji wa kartye 10 za muji waliombwa kutoka haraka. Wengine walielekea Sake na Minova, wengine wakavuka mupaka kwenda Gisenyi. Mwisho wa Januari 2025 watu walikimbia tena, safari hii juu ya vita, wakati M23 iliingia Goma. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, zenye zilikuwa na mamia ya maelfu ya watu, zikavunjwa kwa muda mufupi.

Kwa kila mukimbio ulizo ni lilelile: kisha watoto, kitu gani kitoke kwa nyumba? Katika familia nyingi kuko malete moja, ao mufuko wa plastiki, wenye kuwekwa chini ya kitanda. Ndani yake muko karte ya uchaguzi, diplome ya Leta, akte za kuzaliwa za watoto, karatasi ya parsele, karatasi ya ndoa, risiti za masomo na karatasi za hospitali. Mufuko huo ukibaki nyuma, mutu anafika salama lakini hana tena namna ya kuonyesha yeye ni nani, alisoma wapi, na shamba ni la nani.

Hata bila vita, karatasi zinakufa. Karte nyingi za uchaguzi zenye zilitolewa mwaka 2023 zilifutika: jina na picha vikapotea, wakati mwengine kisha miezi michache tu. Na katika inchi yenye haikuhesabu watu wake tangu mwaka 1984, karte ile ndiyo kitambulisho cha raia wengi.

Basi, kupiga karatasi picha na kuituma fasi ya mbali imekuwa tabia ya kawaida. Mumoja anajitumia picha kwa WhatsApp, mwengine anamutumia dada yake wa Kampala ao wa Kinshasa, mwengine anaacha Google ibebe picha zote yenyewe bila kuuliza. Ile fasi ya mbali ndiyo watu wa teknolojia wanaita wingu.

Wingu liko chini, hapana juu

Jina "wingu" linadanganya kidogo. Hakuna kitu kinaruka angani. Picha yenye inatoka kwa telefone ya Butembo ao ya Uvira inapita kwa antene ya kampuni ya simu, inafuata nyuzi za fibre, inafika kwa kebo za bahari, na inamalizia safari ndani ya nyumba kubwa zenye kujaa ordinatere, katika inchi za mbali. Wingu ni ordinatere ya mutu mwengine. Ni kubwa kuliko ya nyumbani, inalindwa muzuri zaidi, lakini iko ya mutu mwengine.

Na ile nyumba kubwa inaweza kuungua pia. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulichoma jengo moja la kampuni OVHcloud katika muji wa Strasbourg, Ufaransa. Wateja wenye walikuwa na kopi fasi ingine waliendelea na kazi. Wenye hawakuwa na kopi walipoteza kila kitu, sawa tu na mutu mwenye nyumba yake imefunikwa na lava. Mutu mwenye data zake zote ziko kwa wingu moja, naye anaweka vitu vyake fasi moja tu.

Hatari mbili zenye hazifanani

Watu wakibishana juu ya jambo hili, mara nyingi mumoja anazungumuzia kupoteza na mwengine anazungumuzia kusomwa. Hizo ni hatari mbili, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa ingine.

Hatari ya kwanza ni kupoteza. Diplome ikichomeka, mwenye diplome anaumia. Lakini kama mutu mwengine ameona kopi yake, hasara ni ndogo. Kwa karatasi za namna hiyo, kuwa na kopi nyingi, fasi mbalimbali, ni jambo la akili.

Hatari ya pili ni kusomwa. Ujumbe kati ya mutu na avoka wake, matokeo ya vipimo vya ukimwi, picha ya mwanamuke mwenye alitendewa jeuri, liste ya majina ya watu wenye walitoa ushahidi: hapa kila kopi ingine ni mulango mwengine. Kama vitu hivyo vimepotea, ni huzuni. Kama vimesomwa na mutu mubaya, damu inaweza kumwangika.

Kuko pia vitu vyenye vinabeba hatari zote mbili kwa wakati mumoja, na vile ndivyo vigumu zaidi. Ushahidi wa makosa ya vita ni mufano wa wazi. Ukipotea, haki inapotea. Ukisomwa mbele ya wakati, mushahidi anapotea.

Kwa hiyo, mutu akiuliza kama wingu ni zuri ao baya, jibu haliwezi kupatikana. Ulizo lenye kuzaa matunda ni hili: kwa karatasi hii, ao picha hii, ninaogopa nini zaidi, kupoteza ao kusomwa? Na ninaogopa nani: mwizi wa telefone, mwenye silaha kwa baryere, jirani, kampuni, ao serikali?

Kivu ya Kusini, 2018: picha zenye zilifika tribinali

Mashariki mwa Kongo kuko mufano wenye unaonyesha faida ya kutoa data kwa mukono wa mutu na kuzipeleka mbali haraka. Mwezi wa Septemba 2018, tribinali ya kijeshi katika Kivu ya Kusini ilihukumu makomanda wawili wa FDLR kwa makosa dhidi ya ubinadamu yenye yalifanyika mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Kati ya vitu vyenye tribinali iliangalia, kulikuwa picha zenye zilichukuliwa na programu ya telefone inaitwa eyeWitness to Atrocities, yenye ilitoka mwaka 2015 kwa mukono wa International Bar Association, muungano wa wanasheria wa dunia.

Programu hiyo inafanya kazi namna hii. Picha ikichukuliwa, programu inaandika saa, tarehe na fasi, na inaweka alama yenye inaonyesha kama mutu alibadilisha kitu kisha. Picha haikai pamoja na picha zingine za familia ndani ya telefone. Inafungwa kwa kode, kisha inatumwa kwa serveri yenye kulindwa. Mwenye telefone anaweza kufuta programu nzima kama anaona hatari inakaribia, na ushahidi unabaki.

Kwa neno moja, kama picha zile zingekaa kwa telefone tu, baryere moja ingetosha kuzimaliza. Na kama zingetumwa kwa WhatsApp ya kikundi, avoka wa upande mwengine angeuliza: nani anajua kama hazikubadilishwa? Hapa wingu lilisaidia kwa sababu mbili: data zilitoka haraka kwa fasi ya hatari, na zilitoka zikiwa zimefungwa.

Wingu likipasuka

Upande mwengine nao uko na mifano. Mwezi wa Januari 2022, Komite ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana waliingia ndani ya serveri zake na kufikia data za watu zaidi ya 515 000. Haikuwa data za matajiri. Zilikuwa majina na habari za watu wenye walitenganishwa na familia zao juu ya vita, majanga na kuhama, watu wenye kutafutwa, watu wenye kufungwa. Data zilikuwa zimekusanywa na mashirika ya Musalaba Mwekundu ya inchi zisizopungua 60. Wezi waliingia kwa tundu moja la programu lenye halikuzibwa kwa wakati. Kama shirika lenye linajulikana kwa siri na uangalifu linaweza kupata shida hiyo, hakuna mutu anaweza kuahidi kwamba wingu halitoboke.

Kuko pia shida ingine yenye haizungumuzwi sana: kufungiwa mulango na mwenye nyumba. Mwaka 2022 gazeti The New York Times lilieleza habari ya baba mumoja wa San Francisco. Alipiga picha fasi ya mwili ya mutoto wake yenye ilikuwa na ugonjwa, juu daktari alihitaji kuiona. Mashine za Google ziliona picha, zikafikiri ni uchafu dhidi ya watoto, na akaunti yake ikafungwa: barua, picha za familia, namba ya simu, vyote pamoja. Polisi ilichunguza na kuona hakuna kosa. Akaunti haikurudishwa. Katika ofisi ya kartye, mutu anaweza kurudi kesho, kuomba shefu, kupandisha sauti. Kwa kampuni ya ngambo, mara nyingi mwenye kujibu ni mashine.

Sheria za kampuni zenyewe zinaweza kuumiza wakimbizi bila kukusudia. Google inaweza kufuta akaunti yenye haikufunguliwa kwa miaka 2. WhatsApp inafuta akaunti yenye haikutumika kwa siku 120. Kwa mutu wa Strasbourg, miaka 2 bila telefone ni hadisi. Kwa mutu mwenye amekimbia kutoka Masisi hadi Lubero, kisha porini, kisha kambi, inaweza kuwa maisha yenyewe.

Nyumbani pia si siri

Kusikia hivyo, wengine watasema: basi, tuache mambo ya wingu, kila mutu ashike vitu vyake ndani ya kle USB ao kwa karte memwari. Ni kweli kwamba kitu chenye hakikutoka nyumbani hakiwezi kuibiwa kutoka mbali. Lakini wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mashariki mwa Kongo, siri nyingi hazitoki kwa wezi wa ngambo. Zinatoka kwa watu wa karibu.

Angalia safari ya karatasi moja tu. Mutu anakwenda kwa sekretaria publike, kwenye kibanda chenye mashine ya fotokopi. Karatasi inapitishwa kwa skanere, inabaki ndani ya ordinatere ya kibanda, kisha inawekwa kwa kle USB ya mununuzi. Huyu anatoka na kle yake mufukoni akifikiri amebeba siri yake. Kopi ingine imebaki nyuma, kati ya CV na barua za watu mia moja, na siku ordinatere ile itauzwa hakuna mutu atafikiri kuisafisha. Kle nayo, yenye iliingia ndani ya ordinatere ile, mara nyingi inatoka na virusi.

Telefone iko vilevile. Ikiharibika, inapelekwa kwa fundi, na fundi anaomba kode ili ajaribishe kioo. Kwa saa mbili telefone yote iko wazi mezani. Ikiuzwa, muuzaji anafuta picha kwa kidole na kuona kazi imekwisha, kumbe programu za kurudisha picha zenye zilifutwa zinapatikana bure. Telefone nyingi za Android zenye zilitengenezwa kisha mwaka 2019 zinafunga data zake zenyewe kama mutu ameweka kode, na iPhone pia. Lakini karte memwari, ile ndogo yenye kuchomolewa kwa ukucha, mara nyingi haifungwi. Mwenye kuichomoa anasoma yote.

Halafu kuko baryere. Mwenye silaha, awe wa upande gani, akisema "fungua telefone", mutu hana namna ya kubisha. Kwa saa ile, kitu chenye kiko ndani ya telefone kiko hatarini kuliko kitu chenye kiko ngambo. Lakini hata hapa wingu linaweza kusaliti: kama telefone iko wazi na programu ya Google Drive ao Google Photos iko wazi ndani yake, mwenye kupekua anaingia ndani ya wingu pia, kwa mulango wa mbele.

Akaunti iko ya nani?

Mbele ya kuzungumuzia sheria za Marekani ao za Ulaya, kuko shida moja ya karibu yenye ingepaswa kumalizwa kwanza. Watu wengi hawajui neno la siri la akaunti yao wenyewe. Siku walinunua telefone, muuzaji aliwasaidia: "Lete, nikufungulie." Alitengeneza akaunti, akaandika neno la siri lenye anatumia kwa wanunuzi wote, na mambo yakaenda. Tangu siku ile, picha za familia zinapanda ndani ya akaunti yenye ufunguo wake uko kwa kibanda cha soko.

Matokeo ni mabaya mara mbili. Mwenye telefone akiibiwa, hawezi kurudisha kitu, juu hajui jina la akaunti wala neno la siri. Na muuzaji, kama si mutu wa kuaminika, anaweza kuangalia.

Namba ya simu ni shida ingine. Namba yenye haitumiki kwa muda murefu, kampuni inaichukua na kuiuza kwa mutu mwengine. Kama akaunti imefungwa kwa namba ile tu, ujumbe wa kurudisha neno la siri utaingia kwa telefone ya mutu asiyejulikana. Mukimbizi mwenye amepoteza kadi ya simu na kukaa mwaka bila kuirudisha amepoteza zaidi ya namba.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2006, artikle 31, inapatia kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani, na siri ya barua na mazungumuzo ya simu. Sheria ya telekomunikasyo ya tarehe 25 Novemba 2020 inaendelea kwa njia hiyo. Kisha, tarehe 13 Machi 2023, inchi ilipata Kode ya numeriki, yenye inagusa data za watu moja kwa moja: mutu ana haki ya kujua data zake zinakusanywa kwa nini, kuziona, kuomba zirekebishwe ao zifutwe, na kuzipeleka inchi za nje kuko masharti. Kode hiyo inapanga pia kuwe mamlaka ya kulinda data.

Kwa karatasi, ni nzuri. Kwa maisha ya kila siku, raia wa Kindu ao wa Bunia anakutana na mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba kampuni kubwa za wingu ziko ngambo, na zinatii kwanza sheria za kwao. Sheria ya Marekani inaitwa CLOUD Act, ya Machi 2018, inasema kwamba kampuni ya Marekani ikiombwa data kwa njia ya sheria, inapaswa kuzitoa hata kama serveri iko inchi ingine. Wa pili ni kwamba katika miji yenye serikali haishiki tena, raia hajui mulango gani wa kubisha ili haki ya karatasi iwe haki ya kweli.

Intaneti yenyewe inaweza kukatwa. Kisha uchaguzi wa mwisho wa 2018, intaneti ilikatwa katika inchi nzima tangu tarehe 31 Desemba, na ikakaa karibu siku 20. Mwenye karatasi zake zote ziko kwa wingu tu, siku zile hakuwa na karatasi.

Kuchagua kwa kila kitu, hapana kwa vyote pamoja

Kutoka kwa hayo yote, namna ya kupanga inaonekana, na haiombi feza nyingi.

Karatasi zenye kupotea ndiyo hatari kubwa (diplome, akte ya kuzaliwa, karatasi ya parsele, bulleti za watoto) zipigwe picha muzuri, na zikae fasi tatu: ya asili nyumbani, kopi kwa kle ao karte memwari yenye inakaa nyumba ingine, na kopi kwa wingu. Picha ya karatasi moja inabeba mega 3 hivi. Karatasi 40 ni mega 120, kidogo kuliko video chache za arusi. Google inatoa giga 15 bure, Apple inatoa 5. Shida ya mega inatoka kwa video, hapana kwa karatasi; ndiyo maana inafaa kuzima ile kazi ya kupandisha picha zote yenyewe, na kutuma tu zile zenye mutu amechagua.

Picha haitoshi kuwa karatasi ya asili mbele ya muamuzi, lakini inabeba kitu cha bei kali: namba. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, sertifika ya parsele inaandikwa mara mbili: moja inabaki ndani ya kitabu cha ofisi ya ardhi, ingine inapewa mwenye parsele. Kitabu kile kinahesabiwa kwa volume na folio. Mujane mwenye amepoteza sertifika lakini ameshika picha yenye volume na folio, anaweza kumwambia mutumishi wa ofisi: angalia hapa. Mwenye hana namba anaanza kutafuta gizani, na wandugu wa marehemu wanajua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vitu vyenye kusomwa ndiyo hatari kubwa, kanuni inageuka: kopi chache, zote zifungwe, na zile zisizo na lazima zifutwe. Kwa WhatsApp, ujumbe unafungwa njiani, lakini kopi yenye inapanda kwa Google Drive haifungwi kwa namna ileile kama mutu hakuwasha. Tangu Oktoba 2021 inawezekana kuiwasha kwa neno la siri ao ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Mwenye kuiwasha ajue bei yake: akisahau neno lile, hakuna mutu wa kumufungulia, hata WhatsApp yenyewe. Kwa ordinatere, programu za bure kama VeraCrypt zinafunga kle nzima, na Cryptomator inafunga karatasi mbele hazijapanda kwa wingu. Kampuni inabaki na sanduku lenye kufungwa, bila ufunguo.

Kwa ushahidi wa makosa makubwa, mutu asifanye peke yake. Picha isipitishwe kwa vikundi. Itolewe haraka kwa telefone, ifikie avoka ao shirika lenye linajua kazi hiyo, na majina ya mashahidi yasiandikwe pamoja na picha.

Vikundi navyo viko na deni

Habari ya mutu mumoja ni yake. Lakini shirika la wamama, kanisa, masomo, kituo cha afya, ao kikundi cha kuweka akiba kinashika habari za watu wengine, na hapo uamuzi si wa sekretere peke yake. Liste ya wakimbizi wa kusaidiwa, yenye majina, namba za simu na kijiji cha asili, ikianguka kwa mukono mubaya inakuwa liste ya watu wa kutafutwa. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza namna data za wakimbizi Warohingya, zenye zilikusanywa Bangladesh ili wapate musaada, zilifikia serikali ya Myanmar, ile yenye walikuwa wameikimbia. Wengi hawakuwa wameelezwa muzuri.

Wanamemba wa AVEC wanajua namna ya kufanya, hata bila ordinatere. Sanduku la feza la kikundi liko na kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Mwenye nyumba ambamo sanduku linalala hawezi kulifungua peke yake. Liste ya majina inastahili heshima ileile: mutu mumoja anashika faili yenye kufungwa, mwengine anashika neno la siri, na kikundi kinaamua ni nani wa tatu anajua fasi ya kopi. Na kabla ya yote, kikundi kijiulize kama kila kitu chenye kiko kwenye liste kinahitajika. Kabila la mutu halisaidii kumupa mufuko wa unga. Jina lenye halikuandikwa halihitaji kufuli.

Kazi ya Jumamosi moja

Mwishoni kuko kazi moja yenye wengi wanaruka: kujaribu. Kopi yenye haijajaribiwa ni matumaini tu. Mutu aombe telefone ya ndugu yake, aingie ndani ya akaunti yake kwa jina na neno la siri vyenye yeye mwenyewe anajua, aone kama picha ya akte ya kuzaliwa inafunguka na kama herufi zinasomeka. Kisha atoke ndani ya akaunti ile na kuhakikisha imefungwa. Aunganishe kle kwa ordinatere na aone kama inafunguka bado. Achague ndugu mumoja wa kuaminika, wa muji mwengine, mwenye anajua karatasi ziko wapi kama yeye mwenyewe hatakuwa tena na nafasi ya kueleza. Na kama neno la siri lilitengenezwa na muuzaji wa telefone, alibadilishe siku ileile.

Kazi hiyo inakula Jumamosi moja na mega mia chache. Siku ya mukimbio, mufuko ule wa chini ya kitanda utaendelea kubebwa, na ni vizuri ubebwe. Lakini kama mukono umeshika watoto wawili na hauna tena nafasi, mufuko unaweza kubaki bila familia kupoteza jina lake na shamba lake.